Miiko ya Fundi Mrisho

Kijiwe cha Makame kilikuwa ubavuni mwa duka la Mahendra, pale sokoni Mbeya, mahali ambapo ukungu wa asubuhi hauna haraka ya kwenda kwao. Benchi moja, birika moja la kahawa juu ya makaa, na watu wale wale. Katikati, kama ilivyompasa, alikaa Muharami, dereva wa lori la Mbeya na Iringa, aliyeiacha shule darasa la tatu kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, mwalimu alikuwa anamchelewesha. Watu walimwita Gia. Kulia kwake Kalinga, askari aliyerudi kutoka vita vya Bama zamani, lakini ukimsikiliza utadhani ameshuka garini jana. Kushoto Ambrosi, aliyeitwa Dakta maana aliwahi kufagia dispensari. Na pale barazani kwa Mahendra, cherehani ya fundi Mrisho ilikuwa kimya. Kimya hicho ndicho kilichowakusanya.

Vidole vya Mrisho vilikuwa vimevimba, na magoti yakavifuata. Koti la harusi la mpwa wa Mahendra lilikuwa bado vipande vipande. Mahendra amekwisha sema: koti lisipotoka kabla ya Ijumaa, nafasi ya barazani atapewa fundi mwingine kutoka Mbalizi.

Sasa, kijiweni hapo palikuwa na desturi. Ukitaja chanzo cha ugonjwa, lazima utoe na mwiko wake, kama wafanyavyo waganga wa milimani. Mgonjwa akipewa mwiko mbele ya watu anaushika. Kuukataa ni kumwita mwenzako mwongo. Na mwiko hauondolewi ila na yule aliyeutoa, tena lazima akile yeye kwanza kile alichokikataza, mgonjwa akimwona. Mrisho alikuwa mtu wa adabu. Alishika yote.

— Vidole vinasemaje leo, fundi? aliuliza Makame, akimmiminia Mrisho aliyejifunika shuka mwisho wa benchi.

— Havikunjiki. Asubuhi nimeshindwa kufunga vifungo vya shati langu mwenyewe. Mimi, fundi!

— Baridi yabisi hiyo haina habari na baridi, alisema Ambrosi. Ingekuwa baridi, Mbeya nzima ingetembea kwa magongo. Ni tumbo. Mambo haya niliyaona dispensari kwa macho yangu.

— Uliyaona ukiwa umeinama na fagio, Muharami alidakia.

— Na aliyeinama si ndiye anayeona magoti? Wewe sikiliza. Nyama inaoza tumboni, damu inauchukua ule uozo kwenda kuumwaga kwenye viungo. Ndiyo maana nikampa mwiko wa nyama.

— Na maharage, Mrisho alimkumbusha taratibu.

— Na maharage. Maharage yana gesi. Gesi inatafuta upenyo. Mwili una upenyo wapi, kama si kwenye maungio?

Muharami aliweka kikombe chini. Alipoweka kikombe chini, watu walijua elimu inakuja.

— Dakta, wewe unajua fagio, mimi najua mashine. Tumbo ni tangi. Pale Chimala lori liligoma, wakubwa wote wanapapasa injini. Nikawaambia, ondokeni! Nikafungua tangi, taka tupu. Basi maziwa ya mgando hayo, yameganda kabla hujayanywa. Yakishuka ndani yataacha kuganda? Yanagandia magotini. Mwiko wa maziwa ni wangu, na ninajivunia.

Hakusema kwamba yeye mwenyewe maziwa ya mgando hajawahi kuyafikisha kooni. Harufu yake tu ilimtosha.

— Na wali nimeukataza mimi, alisema Makame. Mpunga wa Usangu unaota majini. Unakula maji, magoti yanajaa maji.

— Na ndizi mimi tena, Muharami aliongeza. Utanyoosha vipi kidole kwa chakula kilichopinda?

Kalinga alikohoa kijeshi.

— Watoto nyinyi. Bama tulikula biskuti za kopo kongwe kuliko Gia, na tulitembea. Kinachoangusha mtu ni mawazo. Kikosini kwetu alikuwepo Mbena mmoja, mzima kabisa. Akasikia mkewe kaolewa nyuma yake. Kwanza tumbo likavurugika, kesho yake magoti yamefura. Mawazo yana uzito, bwana! Yanashuka kichwani, yanapita tumboni, yanakwama chini.

— Na vidole je? aliuliza Makame.

— Vidole? Si ndivyo anavyohesabia taabu zake!

Benchi lilicheka, Mrisho naye akacheka.

— Kwa hiyo nimempa mwiko wa kuwaza, alimalizia Kalinga. Pamoja na ugali, maana ugali wa usiku unaleta ndoto, na ndoto ni mawazo tu ya aliyelala.

Mara hiyo Mahendra alikohoa dukani. Muharami aliona mkono wa Mrisho ukikimbilia tumboni, kisha vidole vikajificha ndani ya shuka. Alitaka kusema, lakini alikuwa bado anafikiria mwiko mwingine wa kuongeza.

— Hodi hapa. Fundi Mrisho ni yupi?

Alikuwa mwanamke mgeni, kibuyu cha maziwa ya mgando kichwani. Alisema anaitwa Atuganile, ametoka upande wa Mbalizi, amefuata gauni la binti yake. Mrisho alimwonyesha gauni lenye mkono mmoja, akaomba radhi kwa macho. Mama aliliangalia gauni, kisha akamwangalia fundi: mashavu yameingia ndani, shati linamning'inia.

— Baba, unaumwa?

Benchi zima lilimjibu kwa niaba yake. Dakta akaeleza yake, Makame yake, Kalinga akaanzia Bama, Muharami akafungua tangi upya. Mama aliwasikiliza wote bila kukitua kibuyu.

— Nyama hapana, alisema. Maharage hapana. Maziwa, wali, ndizi, ugali, vyote hapana. Sasa baba huyu anakula nini?

Ambrosi alimtazama Kalinga. Kalinga alitazama mlima.

— Kahawa, alisema Mrisho. Kahawa hakuna aliyeikataza.

Makame aliinua birika akalitikisa. Zilibaki chicha tu.

Mahendra alikohoa tena. Mkono wa fundi ukaenda tumboni tena, na safari hii Muharami hakuweza kujifanya hajaona. Alisimama.

— Mama, nimiminie hapa.

— Gia, usijiue! alisema Ambrosi.

Muharami aliziba pua, akameza. Machozi yalimtoka, lakini kikombe kilirudi kikiwa kitupu.

— Mwiko wa maziwa umeondoka! alitangaza kwa sauti iliyokwaruza. Na ndizi naifuata sasa hivi. Dakta, nyama na maharage vile pale kwa mama ntilie. Makame, wali wako! Kalinga, wewe ugali. Na huo wa kuwaza unaondolewaje?

Kalinga alikuna kichwa.

— Sheria ni sheria. Lazima niwaze mimi kwanza.

— Basi kawaze jinsi ya kupata siku zaidi za lile koti. Mahendra mwenyewe yumo ndani.

Kalinga alijinyoosha kama yuko gwaride, akaingia dukani. Nje, Mrisho alipokea kikombe kwa viganja viwili, maana vidole havikukunjika. Ndani, Kalinga alisikika akianza Bama tangu siku ya kupanda meli, na Mahendra hakukohoa tena. Fundi alikunywa mpaka chini, kisha akamwuliza mama kama kibuyu bado kina kitu.