Mzee Alois Mosi Anaiweka Pembe Chini

Jumatatu asubuhi Mzee Alois Mosi alikuwa ameshapita kisima cha misheni, goti la kushoto amelifunga kaniki, pembe begani, na Padri yuko nyuma yake anamwita arudi. Hakurudi. Aligeuka mara moja tu akasema, "Padri, wiki hii bado ni yangu. Ya kupumzika ni wiki ijayo." Halafu akashika njia ya Mgeta, upande wa pili wa mlima, mwendo wa siku mbili kwa mtu mwenye magoti mazima.

Ndivyo anavyomaliza kazi. Kesho Jumapili, tarehe 23 Novemba 1913, anatimiza miaka kumi na minane ya kutangaza habari katika misheni yetu ya Lukunga, na kesho hiyo hiyo anapumzika. Padri ameniagiza niandike maneno haya yasomwe baada ya misa, maana mimi Severini ndiye ninayeandika matangazo, Mzee anayapeleka. Atakayesoma ni katekista. Mimi kusimama mbele ya watu siwezi, hilo mnalijua.

Waliozaliwa juzi hawajui alivyoanza. Mwaka 1895 kengele ya kanisa ililetwa kutoka pwani mabegani mwa wapagazi, na Mzee alikuwa mmoja wao. Njiani iliangushwa. Ilipotundikwa hapa ikawa inalia kama sufuria. Padri wa wakati ule akasikitika sana. Mzee akamwambia, "Hii haifiki hata mtoni," akatoa pembe yake ya nyati akapiga mara moja, ndefu. Kabla ya saa sita watu wa vilima vitatu walikuwa wamefika misheni, wanawake wamejifunga viuno, wanauliza nani amekufa. Padri akamwajiri siku ile ile, ila akamwomba atafute namna ya kupiga isiyoleta waombolezaji.

Akaitafuta. Ndiyo hii tunayoijua wote mpaka leo. Mlio mmoja mrefu ni msiba. Miwili ni neno la misheni au la serikali. Mitatu mifupi ni ndoa. Mtoto wa Lukunga akijifunza kuhesabu, anaanzia kwenye pembe ya Mzee.

Na ana sharti lake. Akishatangaza juu ya kilima haondoki mpaka mtu wa chini amwitikie, "Tumepata!" Anasema neno lisiloitikiwa bado liko mdomoni mwake, hajalifikisha. Masika moja alisimama juu ya Lukwembe mvua inamwagika, kila mtu amejifungia ndani, hakuna wa kuitikia. Alikaa pale mpaka binti mmoja akafungua mlango akapiga kelele, "Tumepata, wewe mtu, nenda nyumbani ukafe na baridi kwenu!" Binti huyo alikuwa Theresia. Wiki iliyofuata Mzee alitangaza Lukwembe mara mbili bila kuwa na habari yoyote. Leo Mama Theresia ni mke wake na ana watoto saba, na bado anasema alimwitikia kwa hasira tu.

Kusoma hajui. Kila Jumamosi mimi namsomea matangazo, yeye anayashika kwa mbegu. Punje ya mahindi ni ubatizo. Kunde ni ndoa. Mbegu ya boga ni serikali. Anaziweka mfuko wa kulia, akishasema moja anaihamishia kushoto. Mwanzoni nilidhani ni mchezo wa wazee. Miaka minne nimekaa naye, sijamsikia akisahau jina la mtu.

Mara moja tu mbegu zilimponza. Alikuwa Mkuyuni siku ya soko, ameketi kibarazani kwa Mwajuma muuza vitumbua, amezitandaza mbegu kwenye mkeka azipange. Kuku wa Mwajuma akameza kunde. Mwingine angesema neno la kubahatisha. Mzee alipanda mlima wote mpaka misheni, nikamsomea tena, akashuka. Sokoni walimcheka mpaka jioni. Mmoja akasema, "Mzee, usihangaike, aliyeolewa ni huyo kuku." Mwajuma akasema, "Basi nimpeleke nyumbani kwa mumewe," na kwa kweli alimkamata kuku akampa Mzee amchukulie Mama Theresia. Mwajuma si wa misheni, yeye ni Mwislamu, lakini mbuzi wake wakipotea anayetangaza ni Mzee huyu huyu.

Hilo nalo liliwahi kuleta maneno. Padri alimuuliza kwa nini mtu wa misheni anawatangazia watu sikukuu ya Idi. Mzee akamjibu, "Kesho dukani kwa Salehe pamefungwa. Nisiposema, watu wako watashuka Mkuyuni kufuata chumvi, watakuta mlango." Padri akacheka, hakuuliza tena. Na Mwalimu Kibwana, anayesomesha watoto Kurani kule chini, kila mwezi ukiandama anamtumia Mzee salamu kabla hajamtumia jumbe.

Jambo moja halichezei. Kila tangazo anaanza na mwenye neno: neno la Padri, neno la Bomani, neno la Mwajuma. Hachanganyi. Miaka iliyopita akida mmoja, si huyu wa sasa, alitaka watu wa kulima barabara, akamwambia Mzee, "Sema ni Padri ameagiza, watakuja upesi." Mzee akasema, "Akiagiza nitasema." Akida akampeleka yeye mwenyewe barabarani, akabeba mawe siku tatu. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Akaliweka jiwe chini, akapiga pembe pale pale barabarani, akatangaza ubatizo wa Jumapili kwa wabeba mawe wote, nao wakaitikia, "Tumepata!" Askari aliyewasimamia hakujua afanye nini, maana naye mtoto wake alikuwa kwenye orodha.

Sasa nije kwenye ndoa, maana hapo ndipo kazi yake kubwa ilipo, na ndipo alipoenda.

Sheria ya kanisa ni kwamba watu wanaotaka kuoana majina yao yanatangazwa Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Mapadri wa mwanzo waliandika jina la mtu na la baba yake. Basi. Lakini sisi Waluguru mtu ni wa mama. Ukiniambia baba yake ni fulani hujaniambia kitu, niambie lukolo lake, yaani ukoo wa mama yake. Kwa hiyo watu walikuwa wananyamaza Jumapili zote tatu, na Padri anafurahi hakuna kizuizi, kumbe hakuna aliyejua ni nani wanatajwa. Wakaozwa hivyo kijana mmoja na binti mmoja, na mwezi wa pili ikajulikana wote ni wa lukolo moja, ni kaka na dada. Wajomba wa binti walikuja wakamchukua mchana kweupe. Kijana aliondoka akaenda Mikese, hakurudi.

Tangu pale Mzee akawa anaongeza. Padri akitoa jina la baba, yeye juu ya kilima anatia la mama, na lukolo, na alikotoka bibi. Padri aliposikia akamwambia, "Mimi sikuandika hivyo." Mzee akasema, "Umeandika nusu, Padri. Nusu ya pili ninayo mimi." Sasa imeandikwa kwenye kitabu, safu nzima, na mimi ndiye ninayeijaza. Tangu safu hiyo iwepo, hajatokea tena mtu wa kuchukuliwa mchana kweupe.

Ninayoandika sasa yananihusu mimi. Padri alisema niyaweke, nisione haya.

Jumapili ya tarehe tisa nilitangazwa mimi na Rosa. Jumapili iliyopita ikawa mara ya pili. Mzee akasema kama kawaida yake: Severini, mama yake wa lukolo la Wamwenda. Rosa, mama yake Mmbiki. Akangoja kuitikiwa. Bibi Pili wa Lukwembe akasimama na fimbo yake.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Huyo binti si Mmbiki. Bibi yake mzaa mama aliletwa huku mwaka wa njaa, mtoto wa kubebwa, ametoka Mgeta. Wambiki walimlea tu. Mimi nilisikia kwao ni Wamwenda."

Wajomba wa Rosa wakatazama chini, maana hata wao hawakujua, na bibi mwenyewe alishafariki. Ikiwa ni Mmwenda, basi Rosa ni dada yangu na hakuna ndoa.

Padri alifungua vitabu vyake usiku kucha, asubuhi akasema kitabuni hakuna kizuizi, hatuna damu ya karibu, Jumapili ya tatu itangazwe na Jumanne tufunge. Mzee akamwambia, "Kitabuni hakuna, Padri, lakini nani atakuja kula hiyo harusi?" Padri akasema basi tusubiri. Lakini kusubiri nako ni shida. Jumapili ijayo Majilio yanaanza, hakuna ndoa mpaka Noeli ipite, na wajomba walishasema wazi: kesho isipoleta neno lililonyooka, wanarudisha majembe na kitambaa vya mahari, na Rosa atatafutiwa mwingine. Siwalaumu. Wameshawahi kusikia ya yule wa Mikese.

Ndipo Mzee akafunga goti. Nilimfuata mpaka kisimani nikamwambia, "Shikamoo, Mzee. Niende mimi, wewe goti linauma."

"Marahaba. Wewe ukienda utaulizia nini?" akasema. "Utafika kwa watu utasimama mlangoni mpaka wakuonee huruma. Mimi nitapiga pembe, watakuja wenyewe, na wazee wa kule wananijua." Akacheka. Halafu akanishika bega. "Sikiliza, Severini. Neno likiwa zuri utalisikia kabla hujaniona. Likiwa baya nitakuja kimya, nitakukuta chumbani, tutalisema wawili."

Jumatano Rosa alipita kuchota maji. Aliuliza, "Umesikia kitu?"

"Bado."

"Basi usikae ndani. Masikio yako uyatoe nje."

Nikaitoa meza nje. Hapa ndipo ninapoandika, chini ya paa la jikoni kwa Mama Theresia, maana kutoka hapa mgongo wa Lukwembe unaonekana wote. Mama Theresia anamenya ndizi. Hasemi mengi. Jana alisema, "Angekuwa ameanguka tungeshaambiwa," na leo hajasema.

Nirudi kwenye shukrani, maana karatasi inaisha.

Mzee Alois, watu wa Lukunga wanakushukuru. Wanakushukuru waliozaliwa wakatajwa na wewe, na waliokufa wakatajwa na wewe wasizikwe kama watu wasio na kwao. Wanakushukuru wenye mbuzi. Kuanzia mwezi ujao matangazo yatabandikwa kwenye mlango wa kanisa, nami nitayaandika kwa herufi kubwa. Ulipoambiwa hivyo ulisema karatasi haipandi Lukwembe. Ni kweli, na nimemwambia Padri, ndiyo mara ya kwanza nimemwambia Padri kitu bila kuulizwa. Amesema atafikiri. Mimi nadhani atakubali, maana majumbe wote wa vilima wameshakuja kumuuliza nani atapiga pembe, na swali hilo hawajauliza kuhusu kengele hata siku moja.

Kwako tunakuombea goti lipone, mvua ikukute ndani, na magimbi yako ya bondeni yasiguswe na nguruwe. Ukae na Mama Theresia mzungumze polepole, bila mtu kupiga kelele kutoka chini. Na siku ukichoka kukaa, njoo uketi karibu na meza yangu na mbegu zako, unisahihishe. Tunapenda ukae nasi miaka mingi, ukiwa na

Imelia. Mmoja. Nimeshika kalamu sipumui. Wa pili. Wa tatu, mfupi.

Niko hapa nimekaa tu. Mama Theresia ameweka kisu chini, anafuta macho kwa ncha ya kanga. Nimemwambia, "Mama, mwitikie." Amesema, "Mimi niliitikia ya kwangu. Hiyo imekuja kwako, Severini, simama."

Imelia tena mara tatu. Watu wametoka kwenye mashamba, wameegemea majembe, wananitazama, na Rosa yuko kisimani ameshika ndoo, naye ananitazama. Hakuna anayefungua mdomo. Lazima niache kuandika hapa niende uwanjani nikapaze sauti, maana asipoitikiwa hatashuka, na amesimama juu kule kwa goti lile.