Dorine Chepkurui, Mama wa King'ora cha Kaptoroi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kupokea simu za Kiwanda cha Chai cha Kaptoroi, Bi. Dorine Chepkurui anastaafu Ijumaa hii, tarehe 18 Desemba 1998. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Wachira wa stoo, niandike haya machache kwa sababu kati ya stoo yangu na chumba chake cha simu kuna ukuta wa mbao tu, na eti hakuna anayemjua kuliko mimi. Kusema kweli, hakuna aliyekaripiwa naye kuliko mimi pia.

Mama Dorine aliajiriwa mwaka wa 1966, msichana kutoka upande wa Kabianga, kazi yake ikiwa kuwapikia chai watu wa ofisini. Siku moja karani wa simu aliugua, simu ikalia weee, naye akaingia akaipokea. Aliyepiga alikuwa mkubwa kutoka makao makuu, na alipomaliza kuongea aliuliza kwa nini siku zote hawakuwa wakimweka huyu. Tangu hapo birika lilipata mwenyewe mwingine.

Zilipofungwa redio za mawasiliano kwenye malori ya kubebea majani mabichi, kipaza sauti kilikabidhiwa yeye, na raha za madereva zikaishia hapo. Kuna dereva, jina namwachia mwenyewe, aliyeripoti kwamba lori limemharibikia njiani karibu na Londiani na anamngoja fundi. Mama Dorine alimsikiliza kwa upole, kisha akamwuliza kama huyo fundi ndiye anayepiga muziki kwa nyuma, na kama anauza bia za baridi au za moto. Lori lilipona papo hapo.

Halafu ukaja mwaka wa 1992, mwaka wa mapigano ya kikabila. Watu wa huku sina haja ya kuwaeleza. Nyumba zilichomwa, majirani waliokuwa wakikopeshana jembe na fahali wakaacha kusalimiana, na sisi ambao wazee wetu walitoka Nyeri na Murang'a tukaanza kulala na viatu miguuni. Watu wakikusanyika mahali, hata kanisani, kila mmoja alikuwa na jicho moja mlimani. Mkutano wa mwaka wa wakulima ulipokaribia, meneja alitaka kuufuta. Ungefanyika hapa uwanjani kama kawaida, wakulima wa kila kabila wamekaa pamoja, na habari ya kwamba utavamiwa ilikuwa imeshaenea.

Ni Mama Dorine aliyesema kwamba tuna macho kila kilima na hatuyatumii. Malori yetu yalipita kila njia, na kila lori lilikuwa na redio. Dereva akiona kundi lenye silaha, amwambie yeye, naye apige king'ora cha kiwanda, watu waingie kwenye ghorofa ya kunyaushia majani, wafunge milango ya chuma. Fundi wetu wa umeme, Bw. Obonyo, alivuta waya mpaka mezani kwake akamwekea swichi nyekundu. Polisi waliokuwa wamepiga kambi kando ya bwawa waliambiwa wakisikia king'ora, waje.

Tukafanya jaribio. Hapo ndipo tulipochekwa mpaka Kericho mjini. Sote tulisahau kwamba huku kwetu king'ora kikilia saa isiyo yake, maana yake ni moja tu: lori lililoharibika limetengenezwa, leteni majani, yanapokelewa tena. Badala ya kukimbilia ndani, watu waliteremka kutoka kila upande na vikapu mgongoni. Wengine walikuwa wamechuma haraka haraka matawi mazima. Akina mama walikatiza maombi yao wakaja na majani yaliyokuwa yamehifadhiwa chini ya kitanda. Karani wa mizani alilazimika kuyapima, na meneja alijifungia ofisini.

Mama Dorine hakucheka sana. Aliona kwamba siku yenyewe ikifika, kile king'ora kingewaleta watu kwenye mishale. Akaamua kitalia kwa kukatwakatwa, kama mtu anayekohoa, na akazunguka kwa miguu kuwafundisha watu makanisani, sokoni, na kwenye vituo vya kupimia majani. Alianzia nyumbani kwake, kwa mwanawe wa pekee, Kipyegon, ambaye alilalamika kwamba mama anamfundisha mambo ya watoto.

Siku ya mkutano uwanja ulijaa. Nilikuwa nimekwenda chumba cha simu kuomba kalamu, ndiyo maana niliyasikia haya kwa masikio yangu. Redio ilikoroma. Alikuwa Kipsang, dereva wa lori la njia ya juu, akinong'ona kwamba vijana wengi wenye pinde na mapanga wamempita wakishuka kuelekea kiwandani. Mama Dorine alisikia kwamba kuna lililobaki, akamwambia aseme yote.

"Mama, na Kipyegon yumo," Kipsang akasema. "Nikimbie nimwite pembeni kwanza?"

Sote wawili tulijua polisi wakija watakuja na bunduki. Niliuona mkono wake ukienda kwenye swichi, ukarudi kifuani, ukaenda tena. Alimwambia Kipsang azime injini na ajifiche. Kisha akabonyeza, akaachia, akabonyeza, akaachia, na machozi yalimdondoka bila yeye kuyafuta.

Watu waliingia ndani, wazee kwa watoto. Wavamizi walikuta viti vitupu. Mke wangu Wangeci alikuwa wa mwisho mlangoni kwa sababu alikuwa akimsaidia bibi mmoja kupanda ngazi, na mshale ukampata begani. Hakuna aliyekufa siku ile, si kwetu wala si kwao. Polisi walipofika, wavamizi wengi walitokomea kwenye michai, wengine walikamatwa, na Kipyegon alikuwa mmoja wao. Alifungwa miaka mitano. Mshale ule ulitoka kwenye upinde wa nani, hata mahakamani haikujulikana.

Yaliyofuata yaliniuma kuyatazama. Kuna jamaa zake waliomkataa kwa kuwa alimwitia mwanawe polisi, na kuna watu wetu waliompita bila salamu kwa kuwa ndiye aliyemzaa. Yeye alikuja kazini kila asubuhi, akasema "Kaptoroi, hamjambo" kwenye simu kwa sauti ile ile, na siku za kutembelea wafungwa alipanda gari kwenda Nakuru. Nilipopata ujasiri wa kumwuliza aliwezaje kubonyeza, alinijibu akipanga waya zake.

"Ile sauti Kipyegon anaijua, nilimfundisha mwenyewe. Nilikuwa namwambia aache, arudi nyumbani."

Utaratibu wake wa redio na king'ora ulichukuliwa na viwanda jirani, na mikutano yetu ya wakulima haijafutwa hata mara moja tangu hapo. Hilo liandikwe, na lisomwe kwa sauti.

Sasa habari ya zawadi. Wastaafu wetu hupewa saa ya ukutani na blanketi. Mama Dorine amevikataa vyote viwili, akisema saa anayo na blanketi anazo. Kipyegon alitoka gerezani mwaka jana. Ijumaa atakuja na mkokoteni wa punda kumbebea mama yake mizigo, na mpaka leo hajawahi kulikaribia lango letu. Zawadi aliyoomba Mama ni kwamba tusimwache mwanawe asimame nje peke yake.

Kamati imekubali. Kwa hiyo kipengele cha zawadi hakitafanyika jukwaani. Tutatoka sote mpaka langoni, na kila anayeweza atampa mkono. Asiyeweza hatalaumiwa. Mimi mwenyewe nimelala nikiliwaza jambo hili siku kadhaa na sijui mkono wangu utasema nini ukifika pale. Nilimwambia Wangeci, naye aliendelea kumenya viazi, kisha akasema yeye atatangulia. Ameomba neno moja tu limfikie Kipyegon mapema: atampa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia hauinuki vizuri tangu siku ile, asije akadhani ni dharau.

Asante, Mama Dorine, kwa miaka yote hiyo. Uende ukapumzike vizuri, unywe maziwa yako ya mursik bila simu kukukatiza, na Mungu akupe siku nyingi za kukaa na mwanao.