Samansi ya Raymundi

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la kahawa la Mzee Mahona, mkabala na stesheni ya Tabora, Raymundi alikuwa keshakunywa vikombe vinne na anaagiza cha tano. Mfukoni alikuwa na samansi: kesho saa tatu, kortini, akatoe ushahidi. Ghala la karanga la Igalula lilikuwa limeungua, na rafiki yake Yahaya yumo mahabusu, ameshtakiwa kwa kulichoma. Raymundi aliitwa kwa kuwa watu walijua ni marafiki.

— Shahidi ni mshtakiwa wa pili, alisema Humaidi, aliyeitwa Wakili kwa kuwa aliwahi kufagia korti. Anaingia na kofia, anatoka na pingu.

— Basi asiende, alisema Tobias Breki, mtu wa reli.

— Asipokwenda ndiyo kabisa! Huko ni kumdharau hakimu.

— Na nikisema sikumbuki? aliuliza Raymundi.

— Hapo sawa, Wakili akasema. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe ficha!

— Lakini wataniapisha.

— Kiapo kinashika ulimi tu, Breki akadakia. Ukweli usemee tumboni.

— Tena akikohoa katikati, Wakili akaongeza, kiapo kimetenguka. Nimeshuhudia mwenyewe!

Kijiwe kikaangua kicheko. Raymundi hakucheka. Siku ya moto, yeye na Yahaya walikuwa katika msitu wa serikali wakirina asali bila kibali. Kumtetea Yahaya ni kujishtaki mwenyewe, na nyumbani mkewe Katarina ana mimba ya miezi minane.

Mara akaja Mwanajuma, mke wa Yahaya, na kibuyu cha uji alichokuwa akimpelekea mumewe.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Nasikia hapa mnaijua sheria. Nisaidieni. Siku ile mume wangu aliondoka alfajiri. Nimemuuliza alikuwa na nani, hasemi. Polisi wamemuuliza wiki mbili, hasemi. Alikuwa na nani?

Wakili akatazama kikombe chake. Breki akajikuna shingo.

Raymundi akaweka kikombe chini. Wiki mbili Yahaya amepigwa maswali, na jina la rafiki yake hajalitaja.

— Alikuwa na mimi, akasema. Msituni, tukirina asali.

— We Raymundi! Wakili akamvuta shati. Utafungwa!

— Huenda.

Akasimama.

— Shemeji, nisindikize kwa karani wa korti sasa hivi. Nikingoja kesho nitaogopa tena.