Wenye Nyumba wa Ukutani

Msusi aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa na mchanga hadi magotini. Hakumjua fundi rangi aliyekaa naye, lakini hilo halikumzuia kumvuta shati. "Kaka, leo tumetembezwa ufukweni, tukafundishwa. Kumbe mawe tuliyojengea nyumba ni matumbawe! Yalikuwa wanyama, yalikuwa hai! Zamani bahari ilifika mpaka jikoni kwangu!"

"Dada, jiwe ni jiwe," alisema fundi, kopo la rangi limetulia mapajani.

"Ukuta wangu una alama kama maua. Miaka yote nilidhani fundi alilipua kazi." Fundi akakohoa. "Na leo mume wangu anaupiga plasta! Simu hapokei!"

"Mwache apige. Ukuta mtupu ni aibu kwa wageni."

"Wageni ni sisi! Hao wanyama wa ukutani ndio wenye nyumba!"

Basi halijasimama vizuri kituoni, msusi akaruka na kukimbia, viatu mkononi.

Fundi alikuwa ameshatutangazia kwamba anashuka mwisho wa njia. Lakini naye akashuka papo hapo. Tulipoondoka nilimwona dirishani akiubandua rangi ukuta wa kituo kwa ukucha, pua karibu iguse jiwe. Kopo lake alilisahau kitini.