Alhamisi Msiingie Jikoni

Sogeeni, wanangu. Murielle, kaa hapa karibu na mkono wangu. Arlène, zima hiyo redio, na kama Kiswahili changu cha Bukavu kinakushinda muulize dada yako, usinijibu kwa Kizulu leo, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu.

Mimi Marcelline naondoka na raha ya miaka ile ya gereji ya La Rochelle, hapa Johannesburg, tulipokuwa wanawake kumi na mmoja na cherehani mbili za miguu, tukishona sare za shule. Zamu hatukuzipanga kwa umri wala kwa ujuzi. Mwenye mtoto aliyelala ndiye aliyeshona, na mtoto akiamka mama yake anamwachia mwenzake kiti. Mvua ikipiga bati hatukusikilizana, tukabaki kucheka tu, kila mmoja akidhani mwenzake amesema jambo la kuchekesha. Sijapata tena kicheko kama kile.

Mwaka 2016 ofisi ya serikali ya ustawi wa jamii ikasikia habari zetu, ikamtuma afisa, dada mmoja mpole, aje aone kama kweli kikundi ni cha wanawake. Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu kosa ni langu. Kwetu mgeni hakai na njaa. Niliwachukua wenzangu wote kumi tukaingia jikoni, huyu anakaanga samaki, yule anasonga ugali, nami nikamwita baba yenu mdogo Lambert, aliyekuwa amejifunza Kiingereza kwenye ulinzi wa maduka, nikamwambia, "Shemeji, mzungumzishe mgeni kidogo, tunakuja." Tulipotoka na sahani, fomu ilikuwa imejaa. Mwenyekiti: Lambert. Sisi tumeandikwa chini yake, watu wanaosaidiwa. Yule dada alikula, akasifu samaki, nami nikaona haya kumwambia afute.

Cherehani nane za umeme zikaja kwa jina la Lambert. Msimseme vibaya, siku ile alijibu tu alichoulizwa, na baba yenu alipofariki ndiye aliyesimama nasi makaburini. Lakini mtu akiitwa mwenyekiti miaka mitatu, mwisho anaamini. Sasa anataka kuzihamishia Diepsloot, mbali kule nje ya mji, kwenye duka lake, na mama zenu wale kumi wakashonee wapi?

Alhamisi saa nne asubuhi afisa anarudi kuandika upya ile fomu. Mimi sitaifikia. Siku hiyo msiingie jikoni, hata kwa chai. Mpeni maji, mkae naye wote kumi na mmoja, Murielle ukiwa mahali pangu. Lambert akija, mpeni kiti kizuri, kando. Akianza kujibu, mwacheni amalize maneno yake, kisha ujibu wewe, Murielle.

Nyumba ya kuwarithisha sina. Vitambaa vya sandukuni gawaneni bila kelele. Nizikeni hapa hapa, msihangaike na ndege ya kunirudisha Bukavu.

Mungu awape macho ya kuona uzi hadi uzeeni, na mikono isiyotetemeka, na... ngoja. Nipe maji kidogo.

Murielle, unaongea chini chini kama mimi, na hiyo ndiyo hofu yangu. Jaribu sasa, kabla sijalala. Mimi ndiye yule afisa, nakuuliza: mwenyekiti wa kikundi hiki ni nani?

Sikusikia, mwanangu. Sema tena.