Mkekani Nilinyamaza, Wakaandika Sina Neno

Wakubwa zangu wa kikundi, shikamooni. Wadogo, marahaba zenu nimezigawa pale mlangoni, ambaye hakupata aje baadaye. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na mkono huu uliishia darasa la nne. Nikikwama kusoma, nivumilieni. Sikutaka mtu aniandikie, maana mambo yangu yameshaandikwa na watu wengine na mtasikia yalivyokwenda.

Mnanijua. Mimi ndiye mama wa mashine ya kusaga ya Majengo. Nilianza na vitumbua, nikaja kuuza mahindi kwa debe, nikawa nayafuata mwenyewe kwa wakulima wa Namtumbo, barabara ikiwa tope tupu. Hela ya mashine ilitoka humo. Marehemu mume wangu alikuwa fundi mwashi, akajenga banda. Mashine hiyo imemsomesha binti yetu sheria, na alipotaka kuongeza shahada ya uzamili Dar es Salaam nikamwambia nenda, mahindi ya kusaga hayaishi Songea.

Halafu mume wangu akafa. Alikunywa chai asubuhi, akaegemea ukuta, basi. Tukampeleka kuzikwa kwao, upande wa Madaba.

Ndugu zangu, nawaambia hapa polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipoanguka. Kule ukweni mke aliyefiwa hukaa mkekani, chumbani, amejifunika khanga, na hasemi mbele ya wanaume mpaka matanga yaishe. Akiwa na shida humnong'oneza wifi yake. Nami mdomo wangu mnaujua. Sijalia hata vizuri, nikamsikia wifi mmoja akimwambia mwenzake, "Huyu wa mjini, tutaona kama mkeka atauweza." Nikasema moyoni, ngojeni. Nitakaa mkekani kuliko mjane yeyote mliyewahi kumwona.

Nikakaa. Binti yangu alikuwa na mitihani, akarudi chuoni mara baada ya mazishi. Alipopiga simu nilimwambia shwari, soma.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikutana uani, na mimi nasikia kila neno dirishani. Shemeji mkubwa akapendekezwa awe msimamizi wa mirathi. Wakataja nyumba, wakataja shamba, wakataja na mashine. Mashine yangu! Mzee mmoja akaja mlangoni, akauliza kwa adabu kabisa, "Mama, una neno?"

Wifi akanigusa goti. Nikainamisha kichwa.

Mzee akarudi uani. "Mama hana neno."

Ikaandikwa hivyo kwenye muhtasari wa kikao, mahakama ikapokea hivyo, shemeji akateuliwa. Wala shemeji si mwizi, msiniwekee maneno mdomoni. Aliamini kwa moyo mweupe kwamba kilicho cha kaka yake ni cha ukoo. Alikuja Majengo na mke wake, wakabadilisha kufuli la banda, wakaanza kazi.

Sikwenda kuwauliza. Ningeulizaje? Nilikaa ndani. Unga ulipoisha nikajitwisha ndoo ya mahindi nikaenda kusaga, na mashine nyingine ilikuwa mbali, miguu haikutaka. Nikaingia bandani kama nilivyozoea, moja kwa moja. Mke wa shemeji akasema, "Dada, panga foleni kama wenzako."

Wanawake wote wakageuka. Mmoja akasogeza ndoo yake nyuma ili mimi nitangulie. Nawaambia ukweli, siku ile nilimchukia huyo aliyenionea huruma kuliko yule aliyenirudisha nyuma. Nikapanga foleni. Nikasikiliza mota yangu ikiunguruma, nikajua kwa mlio kwamba hawaitii grisi.

Baada ya hapo niliisha. Kanisani sikwenda, jumuiya ikija kusali kwangu nawaacha wagonge mpaka wachoke. Nilikuwa naamka, nakaa kitandani, giza linaingia, nalala tena bila kuvua nguo. Ada ya binti ilipokwama ndipo nikamweleza yote. Akalia kwenye simu. Akasema twende mahakamani tuombe usimamizi utenguliwe, bado inawezekana. Nikamwambia siendi kugombana na ndugu wa mume wangu huku Majengo nzima imekaa kwenye benchi inasikiliza. Na asinitajie tena jambo hilo.

Akaacha kulitaja kwangu. Akalitaja kwingine.

Siku hiyo nilikuwa napukuchua mahindi. Simu ikaita.

"Mama, leo nimepeleka jambo letu darasani."

"Jambo gani letu?"

"La mkekani. Sikutaja jina. Nimesema mjane mmoja, basi."

Nikavimba. "Umenianika kwa watu wa Dar es Salaam?"

"Sijakuanika, mama. Kuna somo tunasoma mambo ya sheria yanayobishaniwa sasa hivi, kila mtu analeta lake. Mila inamtaka mfiwa anyamaze. Kwenye maandishi inasomeka hakupinga. Sasa kunyamaza kule ni kukubali, au siyo? Tumebishana mpaka mwalimu mwenyewe akavua koti."

"Wakasemaje hao wasomi wako?"

Akaanza kuniuliza kama nimekula.

"Sema. Usinilee."

"Wengi wamesema yule mjane alikubali."

"Nani amewaambia nimekubali?"

"Hakuna aliyewaambia, mama. Hakuna aliyewaambia lolote. Ndiyo shida yenyewe."

Nilikata simu. Nilikasirika mpaka punje zikamwagika sakafuni. Watu wasionijua, wameshiba, wamekaa kwenye viti, wananihukumu! Lakini kadiri nilivyozidi kukasirika ndivyo nilivyozidi kuona kwamba hawakunionea. Walitafuta sauti yangu katika habari nzima, hawakuikuta. Hata mimi ningekuwa pale ningesema mama huyu amekubali.

Nikaoga. Nikampigia binti yangu nikamwambia, niandikie hayo maombi.

Mahakamani tulikwenda tukarudi, tukaahirishwa, tukarudi tena. Majengo ilikuja kusikiliza kama nilivyohofia. Hakimu akaniuliza, "Ulipoulizwa kama una neno, ulijibu nini?"

"Sikujibu, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimefiwa. Leo najibu. Sikukubali wakati ule, na sikubali sasa."

Shemeji alikuwa ananitazama. Alitikisa kichwa, akainama, na nikaona kwamba anafanana na mume wangu kwa kisogo. Kidogo niyameze maneno yangu. Sikuyameza.

Usimamizi ulitenguliwa, na mashine ikaonekana ni yangu. Msipige makofi. Ilirudi mota imeungua. Binti yangu aliahirisha masomo, akaja kushinda nami bandani na vitabu vyake vimejaa vumbi la unga, na akabaki nyuma ya wenzake wote. Ukweni walijengea kaburi la mume wangu bila kuniita. Nilisikia sokoni. Nilipokwenda nilikuta saruji imeshakauka, jina limeandikwa, na hakuna aliyetoka nyumbani kunipa kiti. Hilo halijapona. Sitawadanganya kwamba limepona.

Nawashukuru ninyi wa kikundi hiki, mliogonga mlango mpaka nikafungua kwa hasira. Namshukuru yule mama aliyesogeza ndoo. Yumo humu, anajijua, na anisamehe. Nawashukuru wale wanafunzi wenzake binti yangu, hasa walionihukumu. Binti mwenyewe amerudi chuoni, anaandika utafiti wake juu ya jambo hilihili. Aliniuliza kama anaweza kuniweka humo. Nikamwambia niweke, nikiwa nasema.

Fundisho langu ni fupi. Lieni. Kaeni mkekani, heshimuni wakwe. Lakini mkiulizwa kama mna neno, semeni neno kwanza, mtarudi kulia baadaye. Atakayewaita hamna adabu, mwacheni aite.

Na sasa nimalize na jambo la leo. Mwenzetu wa Hanga, aliyefiwa wiki hii, yuko mkekani hivi ninavyosoma. Ukoo unakaa kesho. Nimeongea na wifi yake, ni mtu mwelewa, amesema tukija tutaruhusiwa kuketi naye chumbani. Hatutamsemea. Tutamshika mkono tu, na akiulizwa tutangoja mpaka afungue kinywa.

Gari la Namtumbo, la kutufikisha Hanga, linatoka stendi kesho asubuhi. Mimi nakwenda. Nani mwingine?