Mwalimu Nabalayo Kwenye Mstari wa Mwenzake

Marehemu Mwalimu Moreen Nabalayo alizaliwa tarehe 9 Juni 1979 huko Kimilili, Bungoma, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Wangila na Mama Rodah. Mwaka 1988 baba yetu alipata kazi ya reli, akatuhamishia sote Namuwongo, Kampala.

Alisoma hapa hapa Kampala hadi chuo cha ualimu, akapata cheti Desemba 2001. Siku hiyo alinunua boksi zima la chaki, wakati shule ya kufundisha hana. Ndivyo alivyokuwa dada yetu.

Ajira ya kudumu haikuja. Akawa mwalimu wa kujaza nafasi: Mengo, Mbuya, Namuwongo, popote ambapo mwalimu ameugua, amefiwa au amejifungua. Walimu wajawazito walimtafuta yeye kabla ya mkunga. Alifundisha hesabu, dini, hata muziki, na sauti yake sote tunaijua. Huko Mengo darasa la nne walimwita Madam Kaltumi muhula mzima, kwa kuwa hilo ndilo jina la mwenye darasa lililokuwa mlangoni, naye akaitika. Alipoondoka watoto walilia. Alitusimulia huku akicheka.

Kila asubuhi walimu husaini kitabu cha mahudhurio, kila mmoja mbele ya jina lake. Yeye jina humo hakuwa nalo. Alielekezwa kusaini kwenye mstari wa mwenye nafasi, ili pengo lisionekane. Alikubali, maana aliambiwa ni kwa muda tu. Mwaka 2019 nafasi ya kudumu ilipotangazwa, alitakiwa kuthibitisha miaka yake kumi na saba ya kazi. Vitabu vikafunguliwa. Afisa akamuuliza kwa upole, "Nyabo, mama, hii miaka yote, jina yako iko wapi?" Nafasi akaikosa. Ilituuma, na mpaka leo inatuuma.

Tarehe 21 Agosti 2004 alifunga ndoa na Bwana Olal, seremala wa Mbuya, wakajaliwa mabinti wawili. Olal alimtengenezea meza ya mwalimu, ikawekwa sebuleni kungoja shule. Mwishowe wakawa wanakula chakula juu yake.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, akawa anafundisha ameketi. Januari mwaka huu wa 2025, shule moja ya Mbuya ilimwajiri hatimaye. Muhula ulifunguliwa tarehe 10 Februari. Yeye alikuwa amelazwa tangu tarehe 6. Binti yake Filda alikwenda shuleni kupeleka barua ya daktari, akarudi na picha ya kitabu kwenye simu. Jina lilikuwemo, limepigwa chapa: M. Nabalayo. Mbele yake palikuwa na saini ya mtu mwingine, siku baada ya siku.

Mama yake aliitazama sana. Kisha akauliza, "Huyo mwenye ananishikia, jina yake nani?"

Filda hakujua. Alirudi shuleni kuuliza, na ofisini hawakuwa wameliandika popote.

Mwalimu Nabalayo alifariki Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, kabla hajasaini hata mara moja.

Ameacha mume, Bwana Olal. Mabinti, Filda na Concy. Sisi ndugu zake wanne. Na mwalimu mmoja huko Mbuya ambaye asubuhi ya leo, tukiwa njiani kuja kumzika dada yetu, amesaini mbele ya jina lake.

Mungu ampe mahali pake mwenyewe, apumzike.